Diski ya kuokolea kompyuta: itengeneze ingali nzima, kisha ijaribu

“Mama, humu ndani kulikuwa na kitu cha maana?”

Fundi aliniuliza swali hilo kompyuta ikiwa tayari imewaka na inang’aa kama mpya. Tulikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, kwenye fremu ambayo wakiingia watu watatu, wa nne anasubiri kwenye ngazi. Nikatazama skrini. Picha ya Windows, pembeni kikapu cha taka kitupu, basi. Hesabu za kikoba hazikuwepo.

Mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama 22 pale Ilala. Kwa miaka minne hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii vyote nilikuwa naviingiza kwenye kompyuta mpakato ya nyumbani, HP ya mtumba niliyoinunua hapohapo Kariakoo. Nilijiona mjanja kuliko makatibu wa daftari. Alhamisi hiyo iligoma kuwaka, ikawa inazungusha vidoti tu, na Jumamosi ilikuwa siku ya kuvunja kikoba na kugawana fedha.

Fundi simlaumu sana. Nilimwambia iwake leo leo, naye akafanya wanachofanya mafundi wengi mteja akiwa na haraka: akapiga Windows upya. Kabla ya hapo aliniuliza kama ninazo diski zake. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba kompyuta yangu haikuja na diski. Ni kweli haikuja nazo. Sikujua tu kwamba kuzitengeneza ni kazi ya mwenye kompyuta.

Zamani ulikuta CD ndani ya boksi la kompyuta mpya. Baadaye watengenezaji wengi wakaziacha, wakawa wanaficha nakala ya mfumo kwenye kipande cha diski ya ndani na kumwachia mnunuzi aichome mwenyewe kwenye DVD. Enzi za Windows 7 zilihitajika DVD kadhaa, kwa kuwa moja hubeba GB 4.7 tu, na baadhi ya kompyuta zilikuruhusu kuchoma seti moja, ukiipoteza imekula kwako. Siku hizi, kwa Windows 10 na 11, kazi hiyo inafanywa na flashi.

Sisi wa mtumba tuna shida ya ziada. Kompyuta nyingi zinazofika Kariakoo zimeshafutwa na kuwekewa Windows nyingine kabla hazijapangwa dukani, na kile kipande cha kiwandani mara nyingi kimefutwa pia. Kwenye HP unaweza kubonyeza F11 wakati inawaka mpaka kidole kiume, hakuna kinachokuja. Hivyo flashi utakayoitengeneza wewe ndiyo pekee uliyonayo.

Kuitengeneza si kazi ngumu. Tafuta flashi ya GB 16 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa yote. Kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows andika “recovery drive” kama yalivyo, fungua kinachotokea, kisha hakikisha umeweka tiki kwenye kisanduku cha kunakili mafaili ya mfumo. Ukiruka tiki hiyo utapata flashi yenye vifaa vya kurekebishia tu, isiyoweza kurudisha Windows nzima. Chaji betri ijae na uache chaja kwenye umeme, kwa sababu inachukua muda. Mimi nilibandika maharage, yakaiva, flashi bado inaandika.

Hapo ndipo wengi wanapoishia. Wanaichomoa, wanaitupa kwenye droo, wanalala usingizi mnono. Lakini flashi ambayo hujawahi kuwashia kompyuta ni sawa na mtungi wa gesi ulionunua bila kuutikisa. Sokoni zimo flashi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani hazifiki hata robo yake. Ukizijaza zinakubali, siku ya kuzisoma zinakukana. Yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, niliinunua juu ya meza ya barabarani kwa bei ambayo ilipaswa kunishtua.

Kuijaribu, chomeka flashi kisha uwashe kompyuta upya kwa kuchagua “restart”. Usizime na kuwasha tu, kwa sababu Windows za sasa mara nyingi hazizimiki kabisa. Inapoanza kuwaka gonga kitufe mfululizo: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc halafu F9. Itakuja orodha, chagua flashi. Ikikuuliza aina ya kibodi, shusha pumzi, maana flashi inasomeka. Ingia “Troubleshoot” na utazame kama lipo chaguo la “Recover from a drive”. Likiwepo, mafaili ya mfumo yameingia.

Litazame kwa macho tu. Ukilibonyeza na kukubali hadi mwisho, litafuta kila kitu na kuanza upya, na utakuwa umejifanyia mwenyewe alichonifanyia fundi. Rudi nyuma, zima, chomoa.

Jambo moja zaidi kabla ya kuifungia flashi kabatini. Baadhi ya kompyuta mpya hufunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua, na siku ya matengenezo zinadai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo unakaa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha kompyuta mara ya kwanza. Uandike kwenye karatasi. Kama akaunti ilifunguliwa na kijana wa dukani kwa barua pepe yake, shughulikia leo, angali anakukumbuka.

Je, flashi ingeniokoa ile Alhamisi? Fundi wa pili, kaka mmoja mpole niliyempeleka kompyuta baadaye, aliniambia huenda. Ndani ya flashi kuna kifaa cha kurekebisha uwakaji ambacho hujaribu kwanza bila kufuta kitu. Kingeshindwa, bado diski ingeweza kutolewa, ikaunganishwa kwenye kompyuta nyingine na mafaili yakanakiliwa, kabla hajapigiwa mtu Windows. Lakini flashi yenyewe haibebi picha zako wala hesabu zako. Hizo zinahitaji nakala yake, mahali pengine kabisa. Kaka huyo alijaribu kuvua kilichosalia akapata nyimbo za taarabu na barua mbili za shule.

Kikoba hatukukivunja Jumamosi ile. Nilisimama mbele ya wenzangu nikasema ukweli, na kimya kilichofuata sitaki kukikumbuka. Ilibidi kila mmoja alete kitabu chake cha hisa, tukajumlisha moja moja kwa Jumamosi tatu. Mama mmoja kitabu chake kililoa kwenye mvua za masika, kurasa zimegandana. Yeye alisema hisa 60, mweka hazina akakumbuka 45. Tukakata katikati. Fedha alizipokea, ila kwa muda mrefu tulipokutana sokoni Ilala aliitikia salamu yangu akiwa anatazama nyanya.

Sasa hesabu zipo kwenye kompyuta, kwenye flashi ya mweka hazina, na kwenye daftari lilelile nililokuwa nalicheka. Flashi ya kurejeshea ipo kwenye kopo la nyuzi, imebandikwa plasta: USIFUTE. Microsoft wanashauri itengenezwe upya kila mwaka, kwa kuwa Windows nayo inabadilika, kwa hiyo mwezi uliopita niliitoa niijaribu kwanza. Nikagonga Esc, nikagonga F9, flashi haikuonekana kwenye orodha. Nikaichomeka kawaida. Ndani kulikuwa na tamthilia ya Kikorea iliyotafsiriwa Kiswahili, sehemu ya 1 hadi ya 16.

Mwanangu wa mwisho alikuwa sebuleni, ghafla akawa na kazi nyingi za shule. Nikamwita. Jumamosi iliyofuata alipanda mwendokasi hadi Gerezani, akatembea mpaka Kariakoo na kununua flashi nyingine kwa fedha zake mwenyewe, dukani, pamoja na risiti.