Manga si studio yako: Jinsi ya kugawana kilima kimoja bila kugombana

Kama uliamka Jumapili iliyopita ukiwa na wazo la kwenda Manga kupunga upepo peke yako, pole sana. Sote tulikuwa na wazo hilo hilo.

Nilifika mapema, nikidhani nimewahi. Kufikia saa tano asubuhi kulikuwa na kundi la wanachuo kutoka mjini Kisii na spika kubwa kama ndoo. Kulikuwa na maharusi na mpiga picha wao, bibi harusi ameshika viatu mkononi. Kulikuwa na akina mama wa maombi waliovaa vitambaa vyeupe kichwani, jamaa mmoja anarusha droni, na wavulana wawili waliokuwa wakijaribu kupitisha ng'ombe watatu katikati ya hayo yote. Mwamba ambao nimekuwa nikiukalia kwa miaka mitatu ulikuwa na watu sita wanaopiga selfi.

Kabla hujaanza kuwalaumu, wacha nikiri. Baadhi yao niliwaita mimi.

Kwa wewe ambaye hujawahi kufika, Manga ni ule ukingo mrefu wa mlima unaouona ukiwa mjini Kisii ukitazama upande wa Nyamira. Kaunti mbili zinakutana hapo. Ukisimama juu, mji wote uko miguuni mwako, na mawingu yakikubali macho yanaenda hadi upande wa Ziwa Victoria. Huko huko juu ndiko liliko lile shimo linaloitwa Ngoro ya Mwaga, ambalo kila mzee wa huku ana simulizi yake kulihusu, na hakuna simulizi mbili zinazofanana.

Mimi nilianza kupanda Manga nilipoacha chuo. Karo ilikatika nikiwa mwaka wa pili, nikarudi nyumbani na begi moja. Si unajua boma zetu zilivyo? Ukilala hadi saa tatu, jirani anajua. Ukikohoa, wanaulizana nani ni mgonjwa. Hakuna kona ya kukasirika peke yako. Kilimani hakuna aliyeniuliza, "Unarudi chuo lini?" Huko ndiko nilikoanza kuandika, kwa simu yenye kioo kilichopasuka.

Kisha siku moja nikachapisha video fupi ya jua likizama nyuma ya mji. Nikaweka pini ya ramani na kuandika: "Bure kabisa. Hakuna lango, hakuna mlinzi." Video hiyo ilisambaa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Nilifurahi, siwezi kukudanganya. Wikendi mbili baadaye nduthi zilikuwa zimejipanga kwenye njia kama stendi.

Aliyenifungua macho ni bibi mmoja ambaye hupita hapo na mzigo wa kuni. Nilimsalimia kama kawaida, "Bwakire, magokoro." Akaitikia, akatua mzigo, akaniangalia vizuri.

"Wewe ndiye kijana wa simu?"

Nikasema ndiyo.

Akaniambia mjukuu wake alikatwa mguu na chupa iliyovunjwa kwenye njia ya kwenda kuchota maji. Akaniambia sasa inabidi azunguke na kuni kwa sababu pikipiki zimeziba njia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Sisemi msije," alisema. "Mlima hauna mwenyewe. Lakini nyinyi mkija, mnakaa kama wenyewe."

Tangu siku hiyo sijaacha kuyafikiria maneno hayo.

Zamani milima ya huku ilikuwa na wawindaji wa kweli. Angalia tu wanyama ambao koo zetu zinajitambulisha nao: Abagetutu ni chui, Ababasi ni punda milia, Abanchari ni kiboko. Babu zetu waliishi na wanyama hao, ndiyo maana waliwapa heshima hiyo. Leo ukimtafuta chui huku utampata kwenye blanketi. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaongeza makali.

Lakini usiniambie kwamba wawindaji waliisha. Mimi ni mwindaji wa picha. Wewe unawinda upepo na utulivu. Yule mama anawinda jibu la maombi yake, kijana anawindia ng'ombe wake majani, na magokoro anawinda kuni za kupikia jioni. Sote tuko kwenye kilima kimoja, na kilima hakikui. Kinachokua ni sisi.

Na tunakua kweli. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 Nyamira na 1,266,860 Kisii. Ukigawanya kwa ukubwa wa ardhi, Nyamira ina takriban watu 675 katika kila kilomita moja ya mraba, na Kisii takriban 957. Wastani wa nchi nzima ni 82. Shamba la babu liligawanywa kwa wana wake, kisha kwa wajukuu, na ikifika zamu yangu nitarithi nafasi ya kuegesha baiskeli. Kila palipo na udongo pamepandwa chai, ndizi au mahindi. Ndiyo maana sehemu ya wazi kama Manga ina uzito mkubwa huku. Kwa wengi wetu, ndipo mahali pekee pa kukaa bila kuulizwa umekuja kwa nani.

Tusidhani ni sisi tu tulio na shida hii. Kule Alaska, Marekani, watu wanawinda dubu kwenye milima ya umma. Wawindaji wakizidi, lazima mtu aamue nani aingie. Kwenye kisiwa cha Kodiak, wenye dubu wakubwa ajabu, vibali vingi vya kuwinda hutolewa kwa bahati nasibu. Unaomba, jina lisipochaguliwa unabaki nyumbani. Hapa jirani Uganda, kwenye msitu wa Bwindi, watalii wasiozidi 8 ndio wanaoruhusiwa kutembelea familia moja ya sokwe kwa siku, na muda wao ni saa moja. Ukiwa wa tisa, hata uwe na pesa za kujaza gunia, huendi na kundi hilo.

Yaani kuna njia mbili za kugawana mlima. Ya kwanza ni sheria, lango na risiti. Ya pili ni adabu.

Lango si kitu kibaya moja kwa moja. Msitu wa Karura jijini Nairobi ungekuwa mtaa wa majumba leo kama Wangari Maathai na wenzake hawangesimama kidete. Mnamo Januari 1999 alipigwa hapo hadi akavuja damu, akijaribu kupanda mti. Leo ukienda Karura unalipa langoni, lakini unakuta njia safi, vyoo na walinzi. Ngong pia unalipa. Mtu akiniambia Manga inahitaji vyoo na pipa la taka, sitabishana naye.

Ila fikiria siku lango hilo litakapowekwa. Mimi yule wa miaka mitatu iliyopita, aliyeacha chuo bila hata shilingi hamsini mfukoni, angepita? Magokoro atalipa ili aokote kuni? Wale wavulana watalipia ng'ombe kwa kichwa? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema sehemu ya ardhi ya umma hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakazi wake. Wakazi ni pamoja na magokoro. Anayeweza kulipa atapita kila wakati. Lango humfungia nje yule aliyehitaji mlima zaidi. Na likija, sababu itakayotolewa itakuwa chupa zetu, spika zetu na nduthi zetu.

Kwa hivyo kabla hatujafika huko, wacha tukubaliane mambo machache. Si sheria za mtu yeyote. Ni zile ninazojaribu kufuata baada ya kuharibu.

Aliyetangulia ana mahali pake. Ukikuta mtu ameketi, salimia, kisha sogea. Hata wale wawindaji wa dubu wana mazoea haya: ukikuta gari limeegeshwa mdomoni mwa bonde, unatafuta bonde lingine. Manga ni ndefu. Huna haja ya mwamba ule ule uliouona TikTok.

Spika iache nyumbani. Tumia za masikioni. Mwenzako amepanda mlima mzima kutafuta kimya, nawe unamletea klabu. Kumbuka pia kuna watu wanaoishi chini ya ukingo huo, na sauti hushuka.

Njia si maegesho. Ile njia unayoiona kama mandhari, mtu anaipitia na mtungi wa maji kichwani. Mwambie wa boda akushushe barabarani, umalizie kwa miguu. Na usikatize kwenye chai ya watu ili upate picha nzuri. Hilo ni shamba la mtu.

Kilichopanda nawe kishuke nawe. Chupa ikiwa na soda uliibeba. Ikiwa tupu ni nyepesi zaidi, kwa nini ikushinde?

Wanaoomba si mapambo ya video yako. Usimrekodi mtu akilia mbele ya Mungu wake. Ngoro ya Mwaga nayo, hata kama huamini chochote kuihusu, usiirushie taka ati uone ni refu kiasi gani.

Nunua kitu. Ukishuka, pita kibandani ununue ndizi au chai ya maziwa. Mwenyeji asipopata chochote isipokuwa takataka zako, usishangae akikununia.

Mwisho, fikiria kabla ya kuweka pini. Sisemi tufiche mlima. Mimi niliufahamu kwa sababu nilizaliwa karibu. Wewe wa mtaani Nairobi una haki sawa ya kuufahamu. Lakini kama utawaambia watu njia, waambie na mambo ya njiani. Mimi nilisema "bure kabisa" nikasahau kusema kwamba kuna watu. Niliifuta ile pini. Haikusaidia, ilikuwa imeshanakiliwa kila mahali. Sasa video zangu zote za Manga huanza na njia ya kuni, kisha ndiyo jua.

Jumanne niliyopanda mara ya mwisho, nilikuta akina mama watatu kwenye mwamba wangu wakiomba kwa sauti ya chini. Zamani ningeketi mita mbili kutoka kwao, nikohoe hadi waelewe. Safari hii niligeuka, nikatafuta mahali chini kidogo. Hapakuwa pazuri. Upepo haukufika na mji haukuonekana, niliona majani chai tu na paa moja la mabati. Nilikaa hapo saa nzima, na makala haya nikayaanza hapo.

Nikishuka nilikutana na magokoro. Njia ilikuwa wazi siku hiyo, kwa kuwa ilikuwa Jumanne. Akaniuliza, "Na Jumapili?"

Sikuwa na jibu. Jibu unalo wewe unayepanga kupanda wikendi hii.