UMEME WA NYUKLIA JUU YA MAJI: MFANO WA MELI YA STURGIS

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa jinsi umeme wa nyuklia ulivyopata kuzalishwa melini, na wajibu unaoandamana nao.

Nguvu hiyo ilitangulia kutumika baharini katika zana za kivita. Nyambizi ya Marekani, Nautilus, ilianza kusafiri kwa nguvu ya nyuklia mwaka 1955. Ndani ya kinu, viini vya urani hupasuka na kutoa joto. Joto hilo hugeuza maji kuwa mvuke, na mvuke huendesha mtambo.

Baadaye Jeshi la Marekani liliigeuza meli ya mizigo ya wakati wa Vita Kuu ya Pili, likaipa kinu cha megawati 10 na kuiita Sturgis. Mwaka 1968 ilivutwa hadi Ziwa la Gatun, Panama. Maji ya ziwa hilo yalikuwa na kazi mbili: kupitisha meli katika Mfereji na kuzalisha umeme. Sturgis ilipotoa umeme, maji mengi zaidi yalibakia kwa ajili ya meli.

Kinu kilizimwa mwaka 1976 na fueli ikaondolewa. Hata hivyo, sehemu zenye mionzi zilibaki chini ya uangalizi, na kazi ya kuivunja meli ilikamilika Texas mwaka 2019. Hivyo, huduma ya miaka isiyozidi minane ilifuatiwa na ulinzi wa zaidi ya miaka 40. Gharama ya mtambo wa aina hii ihesabiwe tangu kuujenga hadi kuuzika.