Gede si uwanja wa kelele

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba majengo ya kutuliza nafsi ni mali ya mataifa ya mbali. Husikia sifa za mahekalu ya Kibudha nchini Japani, ambako mgeni huvua viatu mlangoni na kuketi kimya akitazama bustani ya mawe na changarawe, wakastaajabu. Ilhali mwendo mfupi kusini mwa Malindi yapo magofu ya Gede, na ndani yake Msikiti Mkuu uliojengwa katika karne ya 15.

Aliyeujenga alijua alitendalo. Mwenye kuswali alipitia kwanza kisimani na kwenye birika, akatawadha, ndipo akaingia. Hivyo maji yalimtenga na shughuli za mji kabla ya ukuta kumtenga nazo. Kuta zenyewe ni nene, za matumbawe na chokaa, zilizozuia joto na zogo pia. Nguzo zilipangwa kwa safu. Hapana kilichowekwa humo ili kumshughulisha mtu.

Wenyeji walihama Gede katika karne ya 17, dari likaporomoka, msitu ukatwaa mahali pake. Serikali ya kikoloni iliyatangaza magofu hayo kuwa turathi mwaka 1927, na James Kirkman akayafukua kuanzia mwaka 1948. Julai 2024, UNESCO iliuingiza mji huo katika orodha ya Turathi za Dunia.

Heshima hiyo italeta wageni wengi zaidi, na hapo ndipo penye shaka yangu. Gofu lisilo na dari hudhaniwa halina mwenyewe. Mtu ambaye hangethubutu kupaza sauti hekaluni Kyoto aweza kupanda ukuta wa msikiti wetu ili apigwe picha. Chokaa ya karne tano haistahimili visigino.

Watakuwapo watakaosema kwamba utalii ni riziki, na kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Ni kweli, na vijana wa Gede wanahitaji kazi. Hata hivyo, tujiulize tunamuuzia mgeni nini. Muziki na vigelegele atavipata katika hoteli za Malindi na Watamu. Kimya cha msikiti ule hatakipata huko, nasi tukikipoteza tutakuwa tumeiharibu bidhaa yenyewe.

Haihitajiki fedha nyingi. Waongozaji wawaombe wageni washushe sauti wafikapo msikitini. Wanafunzi waingizwe kwa makundi madogo. Sherehe zifanyiwe mbali na magofu. Na pasiwe na ruhusa ya kupanda ukuta, awe mgeni au mwenyeji.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Gede hatuna hata fursa hiyo ya pili, kwani ukuta tutakaoujenga sisi hautakuwa tena ule wa karne ya 15.