Flashi ya kujazia

Flashi ya kujazia ni matumizi ya flashi ya kamera mahali ambapo tayari kuna mwanga wa kutosha, hasa juani, kwa lengo la kupunguza weusi wa vivuli. Flashi hiyo haichukui nafasi ya jua. Jua hubaki kuwa chanzo kikuu cha mwanga, na flashi huongeza kidogo tu pale ambapo jua halifiki, kama vile macho yaliyo chini ya ukingo wa kofia. Kamera nyingi zina flashi ndogo iliyojengwa ndani yake ambayo inaweza kufanya kazi hiyo, lakini kwa umbali mfupi tu.

Historia

Unga wa magnesi wa kumulikia picha ulitengenezwa Ujerumani mwaka 1887 na Adolf Miethe na Johannes Gaedicke. Katika Tanzania ya leo ulitumiwa na Mjerumani Carl Georg Schillings kupiga picha za wanyamapori usiku. Alizitoa katika kitabu chake cha mwaka 1905. Unga huo ulitoa moshi mwingi na ulikuwa hatari kwa mtumiaji. Balbu za flashi zilianza kuuzwa mwaka 1929. Katika miaka ya 1930 Harold Edgerton wa Marekani aliendeleza flashi ya umeme inayoweza kuwaka mara nyingi. Mwaka 1975 kampuni ya Konica ya Japani ilitoa kamera ndogo ya C35 EF iliyokuwa na flashi ya umeme ndani yake. 

Sababu za kuitumia

Karibu na ikweta jua la mchana hukaa juu sana. Mfano ni Mloka, kijiji cha Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani, Tanzania, kando ya mto Rufiji na karibu na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kijiji hicho kiko takriban nyuzi 8 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu utosini kabisa. Hata mwezi Juni hufika nyuzi 59 hivi juu ya upeo wa macho. Kwa hiyo paji la uso na pua hung'aa, huku macho na shingo vikiwa gizani.

Hali huwa ngumu zaidi ndani ya boti yenye paa inayopeleka wageni mtoni. Nahodha amekaa kivulini, na nyuma yake maji na mchanga vinang'aa. Kamera ikipima mwanga wa picha nzima huona mwanga mwingi, hivyo hupunguza kiasi kinachoingia. Maji hutoka vizuri, lakini uso wa nahodha huwa kivuli tupu. Ngozi nyeusi huathirika kwanza kwa sababu hurudisha mwanga mdogo kuliko ngozi nyeupe. Flashi ikimulika uso huo kwa kiasi, mtu na mto huonekana pamoja katika picha moja.

Jinsi ya kuitumia

Kamera ikiwa katika hali ya kujiendesha yenyewe, mara nyingi flashi haiwaki mchana kwa kuwa mwanga unatosha. Mtumiaji hulazimika kuiwasha mwenyewe, kwa kawaida kwa kuchagua alama ya radi.

Jambo la pili ni shata, yaani pazia dogo linalofunguka ili mwanga uingie. Katika kamera nyingi zenye lenzi za kubadilisha, flashi iliyojengwa ndani hufanya kazi hadi kasi ya sekunde 1/200 au 1/250 tu. Katika jua kali, kwa ISO 100 na kasi ya 1/250, tundu la lenzi huhitaji kuwa f/11 hivi.

Jambo la tatu ni nguvu ya flashi. Nguvu hiyo hutajwa kwa namba ya mwongozo, ambayo ikigawanywa kwa namba ya tundu hutoa umbali unaofaa. Flashi yenye namba 12, kwa mita na ISO 100, hutoa 12 ÷ 11, yaani mita 1.1. Hapo mwanga wa flashi hulingana na wa jua na picha huonekana si ya asili. Ikipunguzwa hatua moja, yaani nusu ya mwanga, umbali hufika mita 1.5, ikipunguzwa hatua mbili, mita 2.2. Wapiga picha wengi huchagua kati ya hatua hizo mbili. Kupandisha ISO hakusaidii juani, maana kasi ya shata haiwezi kuongezwa na hivyo tundu hulazimika kupunguzwa kwa kiasi kilekile.

Mipaka yake

Mwanga wa flashi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali: umbali ukizidi mara mbili, mwanga hubaki robo. Kiboko aliye mita 20 hupata sehemu moja tu ya mia ya mwanga unaompata mtu aliye mita 2. Hivyo flashi ya kamera haimsaidii mtalii kupiga picha ya mnyama aliye ng'ambo ya mto.

Kwa kuwa flashi hiyo iko karibu na lenzi, kingio cha jua cha lenzi au lenzi ndefu huweza kutupa kivuli sehemu ya chini ya picha. Miwani na jasho usoni hung'aa pia, na dawa yake ni kugeuza uso kidogo au kupangusa jasho.

Taa ya simu ni dhaifu zaidi, na juani hufaa kwa vitu vya karibu sana. Pasipo flashi, shuka jeupe likishikwa mbele ya mtu chini ya kiwango cha uso hurudisha mwanga wa jua kwenye vivuli. Mchanga mweupe wa ukingo wa mto hufanya vilevile, hivyo kumsogeza mtu mahali hapo huweza kutosha.