Chombo Kinachotobolewa kwa Makusudi

Pwani yetu, chombo kikianza kuvuja mabaharia hawaulizani. Mmoja hushika ndoo akafua maji ya ngamani, mwingine hutafuta pamba na mafuta ya sifa atie kalafati. Visiwani Maldivi, mvuvi wa jodari hufanya kinyume. Akishapata chambo, huzibua vizibo vilivyo sakafuni mwa chombo chake na kuyaacha maji ya bahari yaingie. Zamani maji yakiingia upande mmoja, watu waliyafua upande wa pili bila kupumzika, tangu alfajiri hadi chambo kiishe. Siku hizi pampu imewapokea kazi hiyo, lakini shabaha ni ileile: kuwa na kisima tumboni mwa chombo, maji yake yakitembea muda wote, na ndani yake maelfu ya vidagaa walio hai.

Maldivi ni visiwa vipatavyo 1,200 vya matumbawe, vingi vidogo kiasi kwamba mtu huvizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Udongo ni haba, kwa hiyo maisha yameegemea nazi na samaki. Kwa Kidivehi samaki ni “mas”, na neno hilo likitajwa hivihivi, anayefikiriwa ni jodari. Asubuhi huliwa mas huni: jodari aliyechambuliwa, nazi ya kukunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, pamoja na chapati. Mchana kuna garudhiya, mchuzi mwepesi wa samaki, na mchuzi huo ukichemshwa hadi ukakauka hubaki rihaakuru, uji mzito wa rangi ya kahawia unaokaa muda mrefu bila kuharibika. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika huko mwaka 1343 akafanywa kadhi. Aliandika jinsi samaki hao walivyopikwa kidogo, wakafukizwa moshi na kupelekwa India, China na Yemen. Biashara ya jodari wa kukausha, basi, ina zaidi ya karne sita.

Jodari anayetafutwa zaidi ni yule mdogo mwenye milia tumboni, kalhubilamas. Huvuliwa kwa mwanzi, mshipi na ndoana, mmoja mmoja. Sheria inakataza kumvua kwa nyavu. Lakini hasogei karibu na chombo mpaka aone samaki wadogo wanaokimbia wakiwa hai. Kwa hiyo safari ya kumtafuta mkubwa huanza kwa kumtafuta mdogo.

Wavu wa mraba hushushwa kando ya mwamba, ukishikiliwa kwa fito ndefu. Mmoja hutazama chini ya maji kwa miwani, huku nyama ya samaki iliyopondwa ikinyunyizwa juu ya wavu. Vidagaa wakijaa, fito huinuliwa kwa pamoja. Wengi sasa huifanya kazi hiyo usiku kwa taa kali, jambo ambalo mvuvi wa dagaa wa kwetu hahitaji kuelezwa.

Kuwapata ni rahisi kuliko kuwaweka. Rehi, kidagaa mwembamba wa rangi ya fedha, ni chambo kizuri sana ila ni mwororo kama yai. Akiguswa kwa mkono mkavu magamba hupukutika, na asiye na magamba hafiki mchana. Ndiyo maana hahamishwi akiwa mkavu. Huchotwa pamoja na maji yake na kumiminwa taratibu. Wapo wengine wagumu kidogo, kama watoto wa samaki wa matumbawe, ambao huvumilia zaidi. Wakizidi mahitaji ya siku, huweza kuachwa ndani ya kizimba cha wavu kwenye maji tulivu mpaka kesho.

Adui wa kwanza ni msongamano, wa pili ni joto. Lita moja ya maji ya bahari yenye nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 6.8 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubaki kama 6.2. Pengo hilo linaonekana dogo kwenye karatasi, ila samaki naye, maji yakipata joto, mwili wake hudai hewa zaidi. Anahitaji zaidi palipo na kidogo. Mtu mwenye jicho zuri huliona hilo mapema: vidagaa huacha kuzunguka kwa pamoja, hupanda juu na kupapia hewa midomo wazi. Hapo maji yaongezwe mwendo, na waliokufa waondolewe kabla hawajawachafulia wenzao maji.

Kalenda yao nayo imejengwa juu ya pepo. Kaskazi wao huiita iruvai, kusi huiita hulhangu, na mwaka wote hugawanywa katika vipindi 27 vinavyoitwa nakaiy, kila kimoja cha siku 13 au 14. Mzee wa Pemba au Lamu anayehesabu miongo tangu Nairuzi angeelewana nao bila mkalimani. Mwisho wa iruvai, Machi na Aprili, jua huwa kali na bahari shwari kama kioo, na hapo ndipo kisima hutaka kuangaliwa zaidi.

Kisha ndege huonekana kwa mbali wakishuka na kupaa. Nahodha, keyolhu, huelekeza chombo huko. Mtupa chambo huchota vidagaa wachache na kuwarusha. Wakati huohuo maji hunyunyizwa nyuma ya tezi ili uso wa bahari uchafuke, jodari asikione chombo vizuri. Wavuvi husimama tezini kwa mstari. Ndoana haina jino la kumzuia samaki, hivyo mshipi ukivutwa kwa nguvu, jodari huruka juu ya bega, hujichomoa mwenyewe na kuanguka sitahani, na ndoana inarudi majini kabla mkia wake haujatulia. Mtupa chambo akiwa mchoyo, kundi huondoka. Akiwa mbadhirifu, kisima hukauka kundi likiwa bado lipo. Ufundi wake hauonekani kwenye picha za watalii, ingawa mafungu ya wote yanaupitia mkono wake.

Mashua za matanga zilianza kupata injini mwaka 1974, na miaka miwili kabla yake hoteli ya kwanza ya watalii ilikuwa imefunguliwa. Mwamba uleule sasa una wenyewe wawili: mgeni anayetaka kuwatazama vidagaa na mvuvi anayetaka kuwachota. Mwaka 1998 bahari ilipata joto hadi matumbawe mengi ya maji mafupi yakapauka na kufa, na yakapauka tena mwaka 2016. Joto ambalo mvuvi alilipima ndani ya kisima chake limefika mwambani, na huko hakuna pampu.

Jioni vizibo hurudishwa, maji ya mwisho hufuliwa na chombo huwa kikavu tena. Sisi husema, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mvuvi wa Maldivi huanzia ngamani pia.