Dawa Iliyo Chakulani Haimfikii Kuku Mgonjwa

Kuku wa mayai wamekuwa tegemeo la nyumba nyingi Port Reitz na mitaa jirani ya Chaani, Magongo na Mikindani. Banda la mabati na wavu hubanwa kati ya ukuta wa nyumba na ule wa jirani, trei zikauzwa mlangoni, na pesa hizo zikalipa karo, kodi au stima. Ndiyo maana kuku wakianza kukohoa na kukoroma usiku, mwenyewe hangoji. Huenda duka la dawa za mifugo, akaeleza alivyosikia, akarudi na pakiti ya unga wa njano wa oksitetrasiklini na kuumimina kwenye chakula cha kundi zima. Haraka hiyo inaeleweka. Hata hivyo naamini inamgharimu mfugaji kuliko inavyomwokoa, kwa sababu antibiotiki iliyotiwa chakulani humfikia zaidi kuku mzima, na mara nyingi hupelekwa kupigana na ugonjwa ambao haiwezi kuutibu.

Kuku aliyeshikwa na kifua huacha kula mapema. Hujikunyata pembeni, mbawa zimelegea, mdomo wazi akitafuta pumzi, na akijikokota hadi kwenye chombo cha chakula wenzake humsukuma. Wao ndio wanaokula, kwa hivyo wao ndio wanaomeza dawa. Yeye aliyenunuliwa dawa hiyo hupata chembe tu, kiasi cha kuvizoesha vijidudu bila kuviua. Kiu hudumu zaidi kuliko njaa, ndiyo sababu madaktari wa mifugo hupendelea kutia dawa ya kuku kwenye maji. Kisha kuna kuchanganya kwenyewe. Kiwandani mashine huzungusha chakula mpaka kila konzi iwe na kipimo kimoja. Nyumbani kuna beseni, koleo na mkono. Unga wa dawa ni laini kuliko mahindi yaliyoparazwa, hivyo hushuka chini, kuku wa kwanza akala nafaka tupu na wa mwisho akala dawa iliyozidi. Chakula cha kuku wa mayai nacho hutiwa chokaa nyingi ili ganda liwe gumu, na kalisiamu yake hushikamana na oksitetrasiklini tumboni, dawa ikatoka na kinyesi bila kuingia damuni.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kikohozi si jina la ugonjwa. Kideri, ambacho idara ya mifugo ya serikali ya kikoloni ilikiandika Kenya mara ya kwanza mwaka 1935, tena huku pwani, huweza kuanza kwa kukoroma na makamasi, nacho huletwa na virusi. Bronkaitisi ya kuku pia ni ya virusi. Antibiotiki haiui virusi, iwe ya bei gani. Mafua ya kuku, yale ya kuvimba uso na harufu mbaya puani, ni ya bakteria, na dawa za salfa huyapunguza. Maikoplazma ina mambo yake: haina ukuta wa seli, ilhali amoksilini na jamaa zake wa penisilini huua kwa kuvunja ukuta huo, kwa hivyo anayeuziwa amoksilini kwa maikoplazma amenunua unga mtupu. Hata dawa inayofaa, kama tailosini au doksisaiklini, hutuliza dalili tu. Kuku hubaki na kijidudu, na huweza kumwambukiza kifaranga kupitia yai. Anayejua kupasua kuku huona tofauti. Madoa ya damu kwenye kijitumbo kilicho juu ya firigisi huelekeza kwenye kideri. Mifuko ya hewa iliyopoteza ung'avu, yenye uchafu wa manjano kama jibini, huelekeza kwenye maikoplazma. Serikali ina maabara ya uchunguzi wa mifugo Mariakani, kwenye barabara kuu ya Nairobi. Kuku aliyekufa asubuhi, akawekwa kwenye barafu na kufikishwa huko, anaweza kuliepusha kundi lote na dawa isiyo na kazi.

Wafugaji watajibu kwamba dawa wameitumia na kuku wakapona. Ni kweli wengi hupona. Bronkaitisi kwa kuku wakubwa kwa kawaida huisha yenyewe baada ya wiki moja au mbili, na dawa iliyoanzwa katikati hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili wa kuku. Pengine imezuia bakteria wanaovamia koo lililokwisha kujeruhiwa na virusi, hilo silikatai. Lakini mara nyingi koo hilo limejeruhiwa na banda lenyewe. Masika yakiingia, mabanda huzibwa kwa magunia na nailoni, maranda ya sakafuni hulowa, na kinyesi kinachooza hutoa amonia. Ukiinama kimo cha kuku na macho yakakuwasha, jua kuku amevuta hewa hiyo mchana kutwa na usiku kucha, na vinyweleo vya koo vinavyosukuma uchafu nje vimelegea. Hilo hurekebishwa kwa maranda makavu na nafasi ya hewa juu ya ukuta, hata mvua ikinyesha.

Hoja nzito zaidi ni ya gharama: ada ya daktari inaweza kuzidi thamani ya kuku waliougua. Kwa mfugaji mmoja ni kweli. Kwa majirani wanaomwita pamoja si kweli tena, na chanjo ya kideri huwalazimu kushirikiana vyovyote iwavyo, maana chupa moja huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa banda moja. KEVEVAPI, taasisi ya serikali ya kutengeneza chanjo, hutoa Avivax. Tanzania imesambaza vijijini chanjo ya I-2, iliyobuniwa Australia, ambayo hustahimili joto na hutiwa tone moja jichoni kila baada ya miezi 3 au 4.

Wengine husema Ulaya na Marekani zimelisha mifugo antibiotiki miaka mingi. Zimelisha, tena kwa mashine na vipimo, lakini tazama zilipofika. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, na tangu Januari 2022 hauruhusu chakula chenye antibiotiki kwa ajili ya kukinga mifugo isiyougua. Marekani iliiondoa enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005, baada ya usugu kuonekana katika bakteria wa Campylobacter wanaowaharisha watu. Kwetu Kenya, uchunguzi wa Eric Mitema na wenzake ulikuta kwamba kati ya 1995 na 1999 mifugo ilitumia wastani wa tani 14.6 za dawa hizi kwa mwaka, zaidi ya nusu zikiwa za jamii ya tetrasiklini. Doksisaiklini ya kuku ndiyo doksisaiklini ya binadamu, na tailosini ni ndugu ya erithromaisini. Mwaka 2019 usugu wa bakteria kwa dawa uliua watu wapatao milioni 1.27 duniani. Kinyesi cha banda kilichojaa dawa kikisombwa na mvua hadi kwenye mikoko ya hori ya Port Reitz, huenda na bakteria waliokwisha kuizoea.

Sisemi kuku aachwe afe. Maikoplazma iliyothibitishwa inastahili dawa aliyoiandika daktari, kwenye maji, kwa siku zote alizotaja, wagonjwa wakiwa wametengwa. Mayai ya siku hizo, pamoja na ya siku za kusubiri zilizo kwenye lebo, hayauzwi. Hapa bei ya ile pakiti rahisi hubadilika. Kundi linalotaga mayai 80 kwa siku, likitibiwa siku 5 na kusubiri siku 7, hupoteza mayai 960, yaani trei 32. Anayetia dawa chakulani kila kikohozi kinaposikika huzipoteza trei hizo tena na tena katika mwaka mmoja, au humuuzia mteja wake mayai yenye mabaki ya dawa bila kumwambia.