Maziwa, Uyoga na Mionzi: Uchafu Usiosikia Moto

Mzazi wa Bagara anayechemsha maziwa kabla ya kumpa mtoto hufanya jambo jema, kwa kuwa moto huua vijidudu. Upo, hata hivyo, uchafu mmoja ambao moto hauuwezi, nao ni chembe za mionzi. Hazina rangi, harufu wala ladha, na maziwa yaliyo nazo huganda kama maziwa mengine yoyote.

Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, kililipuka. Vumbi lake liliangukia malisho ya Ukraine, Belarusi na Urusi. Ng'ombe wakala majani, na iodini ya mionzi ikaingia katika maziwa. Wanavijiji wengi, wasioonywa mapema, waliendelea kunywa maziwa ya ng'ombe wao. Kufikia mwaka 2005, zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamegunduliwa kuwa na saratani ya tezi ya thairoidi, iliyopo shingoni. Wengi wao walihusishwa na maziwa hayo. Linalosikitisha ni kwamba iodini hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8. Maziwa yaleyale yangalifanywa ya unga na kuwekwa ghalani miezi mitatu, iodini hiyo ingalikuwa karibu imekwisha. Sizi-137 ndiyo sugu: huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu, na kwa sababu hiyo uyoga na matunda ya msituni katika maeneo yale ungali ukitiliwa shaka.

Babati si eneo la namna hiyo. Maziwa ya jirani yako yachemshe, uyanywe bila hofu ya Chernobyl. Mlango tunaoulinda ni wa vyakula vinavyotoka nje. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 na yenye maabara Arusha, hupima mionzi katika sampuli za vyakula hivyo na kutoa cheti. Cheti ni cha shehena, si cha kopo mojamoja. Basi si haki kumdai muuza duka cheti cha kopo la maziwa ya mtoto. Mdai risiti, kisha usome lebo: nchi lilikotoka, jina la mwagizaji na namba ya toleo. Kopo lililopita njia za panya halikupimwa na mtu, hata likiwa na bei nafuu.

Wapo wanaotuuliza kuhusu fosfeti ya Minjingu, humu humu wilayani. Mwamba ule una urani ya asili, isiyotokana na ajali yoyote. Mfuko uliobeba mbolea usihifadhiwe mahindi, hata ukifuliwa mara tatu. Na aliyemwaga mbolea shambani anawe mikono kabla ya kugusa ugali.